Mpira wa Tyubu Ulioufunga Jana

Skola mwanangu,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho asubuhi, pamoja na chai na viazi vya kuchemsha, kama ilivyo kawaida ya nyumba hii. Humu sijaweka salamu. Nimeweka hasira. Ninayo tangu jana jioni, nimekwenda nayo misa ya asubuhi na nimerudi nayo. Sasa wewe umekwenda kwa shangazi yako kuaga, mama yako yuko jikoni, na mimi nimekaa bandani juu ya gunia la mbolea na daftari lako la zamani la hisabati. Naandika kwenye kurasa ulizoziacha wazi, na ni nyingi.

Usidhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Lyamkena, pale Makambako, si mwisho wa dunia. Nikipanda gari hapa Uwemba asubuhi, mchana niko kwako nakula ugali wako na kuulalamikia. Umepata nyumba yenye uwanja nyuma, umepata wenye gesti wa Makambako wanaotaka mboga kila siku, na una mashine yako mwenyewe. Mzazi wa kukasirika kwa hayo atakuwa na kichaa.

Wala sitakuandikia habari za kupima oili na kusafisha chujio na kuvaa gambuti. Hayo umeyasoma chuoni na cheti umekitundika ukutani pale sebuleni, juu ya picha ya harusi yetu. Nitakuandikia yale ambayo hayamo kwenye cheti, kwa sababu aliyetakiwa kukufundisha ni mimi, na mimi nilikufundisha uongo.

Nianze na jana.

Ulikuwa unaijaribu pawatila yako, hiyo mashine ya kulimia, kwenye bustani ya nyuma ya jiko. Mimi nimesimama kwenye banda la nguruwe, nakuangalia, na moyoni nilikuwa najivuna kabisa. Nilikuwa nakumbuka siku tulipokwenda Makambako kuinunua. Yule muuzaji alikuonyesha kwanza ile nyepesi, nyekundu, yenye visu mbele, akasema hiyo ndiyo saizi ya dada. Hukuiangalia hata mara mbili. Ukamwambia uwanja wako zamani malori yalikuwa yanalala pale, udongo umeshindiliwa ukawa sakafu, unataka yenye visu nyuma, matairi yake yawe yanavutwa na injini, na iwe nzito. Ukamwambia awashe. Akawasha. Ukaibana leva, visu vikazunguka hewani. Ukaiachia, visu vikasimama palepale. Ukarudia mara tatu. Muuzaji akacheka akaniuliza, "Mzee, huyu binti umemlisha nini?" Mimi nikajibu, "Viazi." Nilitembea stendi nzima siku ile nikiwa nimeinua kichwa.

Sasa jana. Umelima mistari minne, mitano. Nikakuona unakunja vidole na kuvikunjua, baridi hii ya Juni unaijua. Ukaizima mashine. Ukaenda kwenye baiskeli yangu, ukachomoa ule mpira wa tyubu ninaofungia kuni, ukakata kipande. Ukarudi. Ukaibana leva kwenye mpini, ukazungusha mpira mara mbili, ncha ukaipitisha chini, ukavuta.

Skola, lile ni fundo langu. Sijawahi kukukalisha chini nikakufundisha, lakini ni langu, mizunguko miwili na ncha chini. Ulilitazama tangu utotoni likakuingia.

Nikapiga kelele. "Skola! Fungua hicho kitu!"

"Baba, vidole vimekufa ganzi."

"Nimesema fungua. Utaumia."

Ukacheka. Ukasema, "Si ndivyo unavyofanya mwenyewe kila siku? Kwanza mimi si mama. Mimi naangalia ninapokanyaga."

Hukumwona mama yako. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko nyuma yako na beseni la maganda ya viazi. Alisikia kila neno. Akaja hadi kwenye banda la nguruwe kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akamwaga maganda, akarudi ndani. Hakuniangalia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Haya, uangalie basi na oili." Mwanamume mzima, na mvi zangu. Nikaenda kukaa kwenye banda hili hili nikawa nagongagonga jembe ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mama yako alinifuata. Unamjua, hapigi kelele. Alisimama pale mlangoni akaniambia, "Baba Skola, utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nikamwambia, "Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimenyamaza miaka yote hii kwa ajili yako. Umenifanya mjinga mbele ya kaka zangu, mbele ya jumuiya, nikanyamaza. Lakini mashine ile ikimla mwanangu kwa sababu ya ukimya wangu, mimi na wewe tumemalizana. Umenisikia? Tumemalizana."

Nilimsikia. Ndiyo maana naandika.

Unaijua hadithi ya mguu wa mama yako jinsi nilivyoisimulia. Ulikuwa darasa la sita. Ulirudi shuleni ukakuta nyumba imejaa watu na mama yako yuko hospitalini, nikakuambia mama amekanyaga vibaya, kitenge kimenaswa, mashine imemkamata. Umekua na hadithi hiyo. Mjomba wako akija hapa sikukuu lazima atanie: "Dada, leo unaangalia unapokanyaga?" Watu wanacheka, mama yako anacheka kidogo, mimi nacheka kuliko wote. Sasa nisikilize jinsi ilivyokuwa.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua Makambako peke yangu, bila kumshirikisha mtu. Nilivutiwa na rangi. Ilikuwa ile ile ya visu mbele, nyepesi, haina matairi ya kuvutwa, visu vyenyewe ndivyo vinavyoiburuta. Kwenye bustani laini iliyokwisha kulimwa haina neno. Mimi nikaipeleka kwenye shamba la nyuma lililolala miaka miwili. Ilikuwa inagonga udongo inaruka, inagonga inaruka, na mimi nyuma yake nafuata. Watoto wa jirani walikaa kwenye uzio kuangalia. Mama yako alisema neno moja tu, "Ungeniuliza," na neno hilo lilinichoma kuliko vicheko vyote. Niliirudisha, nikaongezea pesa, nikachukua yenye visu nyuma.

Hiyo ya pili ilikuwa mashine. Matairi yanavuta mbele kwa mwendo wa mtu, visu vinazunguka nyuma chini ya bati lao, wewe unaelekeza tu. Shamba lile lililonishinda lilifunguka. Na mimi nikaanza kiburi. Nikalima hata pasipotakiwa kulimwa. Unaikumbuka ile kona ya sangari, yale majani sugu ya mizizi mirefu, kule juu? Mama yako alisema tuing'oe kwanza kwa uma, mzizi kwa mzizi. Nikamwambia huo ni ushamba, mashine itamaliza. Mashine ilikatakata mizizi ile vipande elfu na kuipanda shamba zima, mpaka leo hatujaimaliza, na wewe likizo zako ngapi umezipoteza umepiga magoti kule. Ukinilaani kwa hilo ni haki yako. Kwako Lyamkena kuna sangari kwenye kona ya choo, niliiona. Mashine isiifikie.

Sasa kinyungu.

Kinyungu cha mama yako kule bondeni alipewa na bibi yako, na bibi yako alipewa na mama yake. Kiangazi, huku juu kukiwa kumekauka, kule udongo bado una maji. Wanawake wale walilima kwa jembe, wanainua matuta, wanaacha mifereji katikati, wanajua maji yanatokea wapi na yanakwenda wapi. Mama yako alikuwa akianza mapema Julai, na mahindi mabichi yake yalikuwa yanatoka wakati hakuna mtu mwingine mwenye mahindi. Sitasema kilitulisha, utadhani nahubiri. Nasema kilikuwa chake. Hapa juu shamba ni langu na la ndugu zangu. Kule chini, mimi nilikuwa mgeni wake.

Labda hilo ndilo lililonikera. Sijui. Mwaka ule nilimwambia nitampelekea mashine bondeni, amalize siku moja kazi ya wiki tatu. Akasema, "Kinyungu hakitaki mashine. Pale ni maji, itazama." Nikamwambia anaogopa maendeleo. Nilisema hivyo hivyo, Skola, anaogopa maendeleo, kama mtu wa kwenye mkutano wa hadhara. Niliposhuka na mashine asubuhi ile, umande ulikuwa mweupe kwenye majani, alikuja nyuma yangu na jembe lake begani.

Nilikuwa nimemfundisha kuiendesha miezi michache kabla. Nilimfundisha vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nilimshikisha leva, nikamwambia, "Hiki kichuma ndicho roho ya mashine. Ukikibana inafanya kazi, ukikiachia inakufa. Ukizidiwa, ukiteleza, ukiogopa, usipambane nayo. Achia tu. Itasimama yenyewe." Alirudia maneno yale kwa sauti, mama yako anapojifunza kitu hurudia. Achia tu, itasimama yenyewe.

Asubuhi ile nililima mimi kwanza. Udongo ulikuwa mbichi mno, ningeufinyanga mkononi ungetoka tofali. Sikuufinyanga. Matairi yalikuwa yanateleza, visu vinaukoroga ule udongo kuwa uji. Mikono ilikufa ganzi. Nikafanya walivyokuwa wanafanya wenzangu wote, na wanavyofanya mpaka leo, nenda shamba lolote uangalie: nikatoa mpira wa tyubu mfukoni nikaifunga leva kwenye mpini. Mizunguko miwili, ncha chini. Nikaendelea raha mstarehe.

Akapita jirani kule juu njiani, akaita kunisalimia. "Kamwene!" Tulikuwa na mazungumzo ya mbao zake, anatafuta lori la kuzipeleka Makambako. Nikamwita mama yako, nikamwambia shika kidogo. Akauliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa." Nikapanda ukingoni.

Sikumwambia kuhusu mpira. Nilisahau? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi na kila mara najipa jibu la kunipendeza. Leo nakupa lisilonipendeza. Niliona ni jambo dogo.

Mashine ilizama. Matairi yanazunguka, haiendi. Akafanya nilichomfundisha, akatia rivasi aitoe. Ilisita sekunde moja, halafu ikashika udongo mgumu chini ya ule uji, ikaja nyuma kwa nguvu. Akateleza kwenye mfereji. Na alipoteleza aliachia, Skola. Aliachia mikono yote miwili, akaiinua juu hivi, kama nilivyomwambia. Nilimwona kwa macho yangu kutoka ukingoni. Hakupambana nayo. Alisubiri isimame.

Haikusimama.

Kitenge hakikunaswa na chochote. Hakukanyaga vibaya. Katika watu wawili tuliokuwa bondeni siku ile, mmoja alifanya kila kitu sawasawa, naye ndiye aliyepoteza vidole viwili na mshipa wa kisigino. Ndiye asiyesimama tena na kwaya zaidi ya wimbo mmoja. Na kinyungu kimekuwa matete, kwa sababu ule mteremko hawezi kuushuka na mimi sina uso wa kwenda kule peke yangu.

Hospitalini mjomba wako alikuja mbio, amekasirika, na angenipiga, na ingekuwa afadhali. Akauliza imekuwaje. Nikasema, "Amekanyaga vibaya." Maneno mawili. Mama yako alikuwa macho kitandani. Aliniangalia. Mjomba wako akamgeukia, "Dada, umri wote huu hujui pa kuweka mguu?" Nikamwacha amgombeze. Nilisimama pale, nikamwacha amgombeze mgonjwa kwa kosa langu.

Na bado sijafika kwenye linalonikasirisha zaidi.

Mashine ilikaa bandani mwezi mzima. Siku niliyoitoa, baridi ikanishika tena mikononi, nikaangalia ile leva, nikaapa sitaifunga. Nikalima kwa kuibana na mkono siku mbili. Siku ya tatu jirani yule yule akapita, akasema, "Siku hizi hufungi? Kwani kuna nini?" Niliona ameshajua. Nikacheka, nikatoa mpira, nikafunga mbele yake. Tangu siku hiyo nimefunga kila siku, mbele ya kila mtu. Ningeacha kufunga, watu wangejiuliza sababu. Basi nikawa nafunga ili uongo wangu usimame vizuri. Na wewe ulikuwa unakua hapo pembeni, unaangalia mikono yangu.

Ndivyo ulivyolipata lile fundo. Nimekasirika na wewe kwa ulivyosema jana, nisikufiche, neno lile lilikuwa baya na mdomo wako siku hizi umekuwa mwepesi. Lakini nikilifuata neno lenyewe, limetoka kinywani mwangu, kule hospitalini. Wewe umelirudia tu. Umemdharau mama yako miaka yote kwa uongo nilioutunga mimi. Niliona. Niliona ulivyokuwa unamnyang'anya panga mkononi ukisema, mama, acha nifanye mimi, utajikata. Nikanyamaza. Ilinifaa.

Hapa niliacha kuandika, nikaenda jikoni nikamsomea. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya. Nilisoma yote tangu mwanzo, hata pale alipoapa tumemalizana. Nilipofika mwisho nilisubiri aseme kitu. Nitakuwa mkweli, nilitegemea atanionea huruma.

Akasema, "Hujaandika ulichofanya kwanza."

"Kipi?"

"Ulipotoka ukingoni. Ulifanya nini kwanza?"

Nikasema nilizima mashine.

"Halafu?"

Akaweka kisu chini. "Andika, Baba Skola. Au uichane yote."

Nimerudi bandani. Naandika.

Nilishuka ukingoni mbio. Nikazima mashine. Mama yako alikuwa amelala kwenye mfereji, mguu bado uko kwenye visu, hajaanza hata kulia, ananiangalia tu. Jirani alikuwa anakuja nyuma yangu, nasikia gambuti zake kwenye matope. Na mimi, kabla sijamgusa mama yako, kabla sijaushika mguu ule, nilitoa kisu, nikaukata ule mpira kwenye leva, nikautia mfukoni. Halafu ndipo nikapiga magoti.

Aliona. Kumbe miaka yote hii vidole si kitu kwake. Ni hicho.

Sina la kujitetea na sitaki kulitafuta. Nikilitafuta nitalipata, mimi ni hodari sana wa kupata.

Kesho saa mbili mjomba wako anakuja na fuso kubeba mzigo wako. Kabla hatujapakia kitu chochote nitamwambia, mbele yako na mbele ya mama yako, na nitaanza na mpira mfukoni. Najua atanifanya nini na ana haki. Lakini naujua pia mdomo wangu. Ikifika saa yenyewe unaweza ukaanza habari za oili. Kwa hiyo daftari hili nampa mama yako sasa hivi. Nikisema, atalitia kwenye begi lako. Nikishindwa kusema, atamsomea mjomba wako hapo hapo uani, nami nitasimama nisikilize. Tumekubaliana hivyo. Kwa vyovyote vile litafika Lyamkena.

Ule mpira ulioufunga jana nimeukata. Nimekagua begi la vifaa vyako nikakuta kipande kingine umekiweka akiba, nacho nimekichukua. Vyote viwili nimevitia motoni, ndiyo hiyo harufu utakayoikuta ukirudi. Lakini Makambako kuna malori, na penye malori kuna tyubu kila kona. Siwezi kuuchoma mpira wote wa Makambako. Vidole vikifa ganzi, zima mashine, uviweke kwapani, unywe chai. Mboga za gesti zitasubiri. Na jirani akipita akakuuliza kwa nini hufungi, mwambie: baba yangu alifunga, mama yangu akakatwa. Mwambie hivyo, na jina langu ulitaje.

Kwa mama yako sikupangii la kusema. Ulichosema jana alikisikia, sasa unajua alikuwa nyuma yako. Mengine ni yako na yeye.

Nina ombi moja. Kesho ukifika usinipigie kusema umefika salama. Kufika salama Makambako si kazi, barabara ni ya lami. Nipigie keshokutwa, ukiwa uwanjani nyuma ya nyumba yako. Simu iweke juu ya tofali, sauti ifungue yote. Washa mashine. Ibane leva kwa mkono wako, visu vizunguke tuvisikie. Mama yako atakuwa hapa pembeni yangu, simu tutaiweka mezani katikati yetu. Halafu achia.

Usiseme chochote. Tunataka kusikia ikinyamaza.

Baba yako